Nyumba Safi, Mazingira Salama: Nani Abebe Ndoo?

HOJA: Kaya za mjini ziachane na kemikali za dukani, mkaa na plastiki za kutumia mara moja, zisafishe na kupika kwa njia zisizoumiza mazingira.

MAMA MWENYE NYUMBA: Naunga mkono hoja. Fungua kabati la chini ya sinki katika nyumba yoyote ya Dar es Salaam yenye uwezo kidogo. Utakuta dawa ya choo, dawa ya vioo, dawa ya sakafu, jiki, sabuni ya unga, sabuni ya maji na dawa ya mende. Kila moja imekuja na chupa au mfuko wake wa plastiki, na kazi nyingi za chupa hizo mama zetu walizimaliza kwa ndimu, sabuni ya mche na dodoki. Ule utando mweupe ndani ya birika ni chokaa iliyoachwa na maji ya kisima. Weka siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha dakika ishirini, suuza, utando umeondoka. Shaba inang'aa kwa ndimu au ukwaju. Friji inayonuka inatulia kwa kibakuli cha magadi soda. Dodoki linaota kwenye ukuta wa ua, na likichakaa linaoza udongoni. Sponji ya plastiki ikichakaa inamegekamegeka na kubaki ardhini. Kwa nini nilipie kitu kinachoniachia taka, wakati kipo kisichoacha?

BWANA AFYA: Mama, kung'aa ni jambo moja na kuua vimelea ni jambo jingine. Birika lenye utando halijamlaza mtu hospitali. Choo kichafu kimewalaza wengi. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam na kuenea mikoani hadi Zanzibar, hatukugawa ndimu majumbani, tuligawa klorini. Siki inayeyusha chokaa vizuri, lakini si dawa ya kutegemea pale penye kinyesi au matapishi ya mgonjwa. Nyumba ikiwa na mtu anayeharisha, chukua jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, upate mchanganyiko wa asilimia 0.5. Uchafu ukishaondolewa, mwagia palipochafuka, acha dakika kumi, ndipo ufute. Changanya upya kila siku, maana ule wa jana umeshapungua nguvu. Mapenzi ya mazingira yasitufanye tusahau kwa nini klorini iliingia nyumbani.

MAMA MWENYE NYUMBA: Hilo la mgonjwa silipingi. Ninachopinga ni jiki ya kila asubuhi, sakafuni, kwenye sinki, kwenye bafu, hata kwenye tambara la kufutia meza, katika nyumba ambayo hakuna anayeumwa. Na maji hayo yanakwenda wapi? Nyumba nyingi za mji huu hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Yanaingia kwenye shimo letu wenyewe. Shimo la choo linafanya kazi kwa sababu kuna bakteria humo wanaokula uchafu. Ukiwamwagia kemikali kwa wingi unawaua watumishi wako, kisha unalalamika kwamba shimo limejaa mapema na gari la majitaka linakuja mara kwa mara. Hatua chache kutoka hapo kuna kisima cha jirani. Kwa siku za kawaida, maji na sabuni vinatosha.

BWANA AFYA: Kwa sakafu na vyombo vya siku za kawaida, ndiyo, maji na sabuni vinatosha. Hata penye mgonjwa, uchafu mwingi unaondolewa kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inaishia kupambana nao kabla ya kuvifikia vimelea. Lakini hofu yangu kubwa si chupa ya dukani pekee, ni huu mtindo wa mapishi ya usafi unaosambazwa kwa simu. Mtu anasikia ndimu ni nzuri na jiki ni nzuri, anazichanganya apate nzuri mbili. Anapata gesi ya klorini. Jiki ikikutana na asidi yoyote, iwe siki, ndimu au dawa kali ya choo, inatoa gesi inayochoma koo na mapafu. Jiki ikimwagwa kwenye choo chenye mkojo uliokaa, inatoa gesi nyingine inayokera vilevile. Na kuna wanaochanganya siki na magadi soda, wakiona povu linapanda wanasema dawa imekubali. Povu lile ni hewa tu. Asidi na magadi zimemalizana, kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Ukitaka siki ifanye kazi, itumie peke yake. Ukitaka magadi yafanye kazi, yatumie peke yake.

DADA WA KAZI: Hiyo gesi mnayoisema naijua mimi. Choo tunachokiosha kina kidirisha cha kiganja, mlango unafungwa ili mvuke usifike sebuleni kwa wageni, na ndani nimo mimi. Macho yanatoka machozi, kifua kinabana, natoka nje napumua kidogo, narudi kumaliza. Nyumba nilizofanya kazi kabla ya hii hakuna aliyenieleza kwamba hiki hakikutani na kile. Maandishi ya kwenye chupa ni madogo, na mara nyingi ni ya lugha ambayo sikuisoma sana. Kwa hiyo mama akisema kemikali zipunguzwe, mimi nashukuru kabla ya bahari na samaki. Ila mimi nina swali. Siki inataka dakika ishirini. Dodoki linataka mkono mara mbili ya sponji. Sufuria ya masizi kwa majivu na kumbi la nazi inataka mgongo. Siku yangu imeongezwa saa ngapi?

MAMA MWENYE NYUMBA: Dada, siki inafanya kazi hizo dakika ishirini, wewe hufanyi. Unaiweka, unaendelea na jambo lingine.

DADA WA KAZI: Mama, jambo lingine halikosekani.

MWENYE DUKA: Mimi nichangie kutoka upande wa kaunta. Mnazungumza habari za siki. Siki haitoki sana dukani kwangu. Kinachotoka ni sabuni ya mche iliyokatwa kipande, sabuni ya unga ya pakiti ndogo na jiki ya chupa ndogo. Mteja anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Ndimu ikiwa msimu wake, sawa. Ikipotea sokoni, bei ya ndimu chache inatosha kununua kipande cha sabuni cha wiki. Huyo mteja ukimwambia aache dawa ya vioo anakushangaa, kwa sababu hana dawa ya vioo. Dirisha lake lina wavu. Usafi huu mnaouita wa kulinda mazingira, yeye anauishi kwa kukosa. Chupa ya maji haitupi, anawekea mafuta ya taa. Dumu likitoboka anapandia mchicha. Kabla ya kumfundisha, tazameni kwanza nani anajaza ndoo ya taka mtaani.

MAMA MWENYE NYUMBA: Ndiyo maana naanza na kabati la mwenye uwezo. Lakini wewe Mangi mwenye duka, nawe una sehemu yako. Hizo pakiti ndogondogo ndizo zinazoziba mitaro ya Jangwani mvua ikinyesha. Kwa nini usiweke pipa la sabuni ya maji, mteja akaja na chupa yake ukampimia?

MWENYE DUKA: Sabuni za kupima zipo mji mzima, mama. Zinatengenezwa uani, zinauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizookotwa. Ni nafuu, na zimewapa kina mama wengi mtaji. Shida ni kwamba chupa haina jina, haina kipimo, haina nembo ya Shirika la Viwango, TBS. Leo povu ni zuri, kesho mikono inachubuka.

BWANA AFYA: Na kesho kutwa mtoto anaona maji ya kijani kwenye chupa aliyozoea kunywea, anafungua na kunywa. Kuitumia tena chupa ni jambo jema kwa mazingira na ni jambo baya kwa mtoto, yote mawili kwa pamoja. Sharti langu ni dogo: kemikali yoyote isiwekwe kwenye chupa ya kinywaji, iandikwe jina kwa Kiswahili kwa kalamu isiyofutika, iwekwe juu mtoto asikofika. Mafuta ya taa yamo kwenye sharti hilo, Mangi.

MWENYE DUKA: Nimesikia. Ila chupa nyingine tupu utampa mteja wewe?

BWANA AFYA: Kiwanda kinachouza kingetakiwa kimpe. Hapo ndipo serikali ingebana.

MAMA MWENYE NYUMBA: Serikali ikitaka inaweza. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006. Rwanda ikafuata 2008, Kenya Agosti 2017 kwa faini inayofika shilingi milioni 4 za kwao, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Watu walisema haiwezekani. Kikapu cha ukindu kikarudi mkononi, na mitaa ikaanza kupumua.

MWENYE DUKA: Kisha vile vifungashio laini vya plastiki, vya kufungia karanga na barafu, vikaanza kubebea nyanya na samaki. Mama, katazo lilibadilisha mfuko, halikubadilisha mazoea. Mteja anakuja dukani mikono mitupu, akitegemea nimpe cha kubebea bure. Ukitaka ushahidi wa kinachoweza kufanywa nyumbani bila waziri yeyote, ni huo: kikapu kitundikwe mlangoni, kila anayetoka kwenda sokoni akichukue. Hakuna gharama, hakuna sumu, hakuna mgongo unaouma. Hapo nakubaliana na hoja moja kwa moja.

DADA WA KAZI: Mimi naomba tuhame kwenye kabati la sinki, twende jikoni. Tumezungumza dawa ya vioo muda mrefu, na moshi hatujaugusa. Kama nyumba inataka kulinda mazingira kweli, ianzie kwenye jiko. Nyumba nyingi nilizopita zina mtungi wa gesi, umesimama sebuleni au jikoni, mzuri, umevalishwa kitambaa. Unawashwa kwa chai ya baba na mayai ya watoto. Maharage, makande, nyama ya utumbo na maji ya kuoga, vyote ni mkaa, uani, kwa sababu "vitamaliza gesi". Anayekaa na mkaa huo saa tatu ni mimi.

BWANA AFYA: Na hapo ndipo penye vifo vingi kuliko chupa zote tulizozitaja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo wengi kwa nimonia. Mkaa unadanganya, maana ukishika vizuri hauonyeshi moshi, mtu akadhani umekuwa salama. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Msimu wa baridi, Mbeya, Njombe, Arusha, watu huingiza jiko ndani wapate joto, wakafunga mlango na dirisha, asubuhi hawaamki. Jiko la mkaa halilali ndani ya nyumba. Hilo halina mjadala.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na msitu nao? Kwa tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa inakula kilo saba hadi kumi za kuni. Gunia moja linalosimama mlangoni lilikuwa miti mizima Pwani au Morogoro. Ndiyo maana kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwisho wake. Lakini tusingoje 2034. Loweka maharage tangu jioni. Muda wa kuchemka unapungua sana. Funika sufuria. Kata nyama ndogondogo. Maharage yakishachemka robo saa au zaidi, yaweke na sufuria yake ndani ya kapu lililojazwa matambara au pamba, ufunike kwa mto. Yataendelea kuiva kwa joto lake bila moto. Na kama mkaa haukwepeki leo, tumia jiko banifu lenye udongo ndani, lile Wakenya walilolieneza tangu miaka ya 1980. Linakula mkaa kidogo kuliko lile la bati tupu.

MWENYE DUKA: Mimi nauza vyote viwili, mkaa na gesi, kwa hiyo sina mkuki wa kumchoma yeyote. Nawaambia tu mteja anavyohesabu. Mkaa anaununua kwa kopo, kwa sado, kwa ndoo, kadiri ya fedha aliyoishika jioni ile. Mtungi mdogo wa kilo sita unataka fedha yote siku moja. Mwisho wa mwezi, ukijumlisha makopo, mara nyingi mkaa umemlia fedha nyingi kuliko gesi, mwenyewe anajua. Ila hawezi kuishika ile fedha ya mtungi ikakaa bila kuliwa na ada, nauli au panadoli. Ipo mitungi yenye mita, mtu analipia kwa simu kidogokidogo kadiri anavyopika. Hiyo ndiyo njia inayoeleweka kwa mtu wa kopo. Tatizo haijafika kila mtaa. Na mkimaliza hapo, mfikirieni pia anayechoma mkaa kijijini: gunia lile ndilo ada ya mtoto wake.

MAMA MWENYE NYUMBA: Nami gesi siiabudu. Inachimbwa ardhini mbali, inaletwa kwa meli, haioti tena. Ni safi kwa mapafu, haiharibu msitu, lakini si mwisho wa safari. Kuna umeme. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na maji ndiyo yanayolizungusha. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja, kwa sababu linafunga joto ndani na kuzima lenyewe. Watu wakisikia jiko la umeme wanakumbuka lile la koili lililokuwa linakula Luku mchana kutwa. Hili ni kitu kingine.

DADA WA KAZI: Hilo jiko la presha lipo kwenye kabati la nyumba hii, mama. Liko ndani ya boksi lake tangu lilipoletwa zawadi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Liko kwenye boksi kwa sababu umeme ukikatika maharage yakiwa nusu, tunalala njaa.

DADA WA KAZI: Umeme ukikatika nayamalizia kwenye gesi. Ninachoogopa ni kuulizwa kwa nini Luku imeisha. Mkaa ukiisha hakuna anayeniuliza, kwa sababu unanunuliwa kwa fedha ya sokoni, kidogokidogo. Luku inapiga kelele ukutani, nyumba nzima inasikia. Jiko la bei nafuu linakaa kwenye boksi kwa sababu gharama yake inaonekana.

BWANA AFYA: Hapo dada amegusa kiini. Tuandike gharama zote mahali pamoja: makopo ya mkaa, mtungi, Luku, na dawa ya kikohozi. Familia ikiziona zote kwenye karatasi moja, itajua yenyewe jiko lipi ghali.

MAMA MWENYE NYUMBA: Tuandike. Lakini tusiache taka. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani za mji huu ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Tunayafunga kwenye kiroba pamoja na plastiki na nepi, tunamlipa mtu wa guta, yanapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, yanaozea huko bila hewa na kutoa gesi inayoongeza joto duniani. Ndoo mbili tu zinatosha: moja ya vinavyooza, nyingine ya vikavu. Vinavyooza vichanganywe na majani makavu, vigeuzwe kila wiki, visiachwe vikauke wala kulowa chepechepe. Baada ya miezi michache ni mboji ya mchicha na matembele.

MWENYE DUKA: Mboji ataiweka wapi mpangaji wa chumba kimoja? Nyumba ya vyumba nane, ua wa kutandaza mkeka mmoja. Na akitenganisha, mtu wa guta anazikuta ndoo mbili na kuzimwaga kwenye kiroba kimoja mbele ya macho yake. Mara moja ukiona hivyo, hutenganishi tena.

MAMA MWENYE NYUMBA: Katika Kata ya Bonyokwa watu walianza, wakishirikiana na taasisi ya Nipe Fagio. Taka zinatenganishwa nyumbani, wazoaji wanazichukua zikiwa zimetenganishwa, maganda yanakuwa mboji. Kwa hiyo inawezekana hata kwa asiye na bustani, mtaa ukikubaliana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

BWANA AFYA: Na ambako haijafika, msichome taka uani. Hilo nalisisitiza, maana wengi wanaona moto ni usafi. Plastiki ikichomwa kwa moto hafifu wa uani inatoa sumu inayoingia vifuani mwa watoto wanaocheza palepale. Jambo la pili ni ndoo za maji. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, mamlaka ya maji, DAWASA, iligawa maji kwa mgawo, na kila nyumba ikajaza kila chombo. Kuhifadhi maji ni busara. Lakini mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo vyetu vya nyumbani, na mji huu ulipata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019. Maji ya kusuuzia nguo yakimwagwa chooni siku ileile, vizuri. Yakiachwa wazi kwenye beseni wiki nzima kwa jina la kuokoa maji, umefuga mbu. Kila pipa liwe na kifuniko, na likaushwe na kusuguliwa kila wiki, maana mayai hushika ukutani.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na mbu hao tusiwatolee dawa ya kupuliza kila jioni. Wavu wa dirishani, chandarua, na vyombo vilivyofunikwa.

BWANA AFYA: Kwa hilo tuko pamoja. Wala msichome majani ya mwarobaini chumbani mkadhani ni tiba ya asili. Moshi ni moshi, uwe wa kiwandani au wa mti.

DADA WA KAZI: Sasa naomba nihesabu kazi, kwa sababu nimesikiliza. Maharage yalowekwe usiku. Kapu la joto liandaliwe. Maganda yatengwe, mboji igeuzwe. Maji ya kufulia yabebwe hadi chooni kwa ndoo. Mapipa yasuguliwe kila wiki. Siki iwekwe na kusubiriwa. Sponji iondoke, dodoki lije. Yote ni mazuri, na mengine yananiokoa kifua. Lakini kila mkisema "tufanye", mnayemtuma ni mmoja. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kupumzika na ya kufanya kazi mahali salama. Nimeusikia kutoka kwa wenzangu waliojiunga na chama cha wafanyakazi cha CHODAWU. Basi glovu ni sehemu ya nyumba inayojali mazingira. Dirisha la choo ni sehemu yake. Saa ya kulala ni sehemu yake. Mkiilinda mikoko ya Kunduchi na mgongo wangu ukavunjika, mmesafisha nini?

MAMA MWENYE NYUMBA: Dada, usinitupie mzigo wote kana kwamba mimi nakaa kivulini. Natoka saa kumi na moja alfajiri, nasimama kwenye daladala, narudi usiku. Siku usipokuwepo, choo nakiosha mimi, ndoo nabeba mimi. Hapo awali kazi hizi zilibebwa na mama yangu, na kabla yake bibi. Kila ushauri wa nyumba bora unaoandikwa unamwandikia mwanamke. Bwana afya, nikuulize wewe uliyetufundisha vipimo vya jiki: nyumbani kwako nani anaosha choo?

BWANA AFYA: Anaosha mke wangu. Na ndiyo sababu nasema elimu hii ipelekwe kwa kaya nzima. Lakini nisizunguke: nikipanga mikutano ya usafi mtaani, wanaokuja ni wanawake. Wanaume wanapita, wanasalimia, wanasema "endeleeni". Sijui mkakati wowote utakaofika asilimia 80 kwa namna hiyo.

MWENYE DUKA: Mimi naona nani ananunua nini. Mkaa, sabuni, jiki na siki vinanunuliwa na akina mama na madada. Mtungi wa gesi, jiko la umeme na fedha ya Luku, mara nyingi anayeamua ni baba. Vitu vinavyomaliza nguvu za mtu viko mikononi mwa wanawake. Vitu vinavyopunguza kazi viko kwenye mfuko wa mwanamume. Hoja yenu ingeandikwa upya. Isiseme "kaya za mjini ziache". Iseme nani katika kaya alipie nini, na nani afanye nini.

MAMA MWENYE NYUMBA: Iandikwe hivyo, nitaiunga mkono kwa nguvu zaidi. Jiko la presha litoke kwenye boksi. Glovu zinunuliwe, na siki, na ndoo ya pili. Lakini Luku ya nyumba hii ananunua baba watoto, na ukimwambia tunapika maharage kwa umeme atakataa kabla hujamaliza sentensi. Hajui uniti moja inafanya nini. Hajawahi kukaa na mkaa saa tatu.

DADA WA KAZI: Basi aitwe, mama. Aje akae hapa tulipokaa sisi, aletewe hiyo karatasi ya makopo na mtungi na Luku, aisome mwenyewe, kisha atuambie maharage ya leo yapikwe kwa jiko lipi na maji ya kufulia yabebwe na nani. Bila yeye, mjadala huu tumeufanya watu ambao tayari tunabeba ndoo.